Gemu Inapokuzoea: Akili Mnemba na Banda la Majengo

Mtoto wa miaka tisa ameshika pedi kwa mikono miwili, ulimi umechungulia nje, magoti yamebana ukingo wa benchi. Ni Jumamosi mchana, Majengo, Moshi, ndani ya banda la gemu lenye televisheni tatu na feni moja. Anacheza mbio za magari. Taa zinawaka kijani, na magari ya mashine yanamwacha palepale kama vile yeye yuko kwenye tope. Anarudia. Anaachwa tena. Mara ya nne anaweka pedi chini na kumgeukia mwenye banda, ambaye watoto wote wanamwita Mangi.

"Mangi, hii mashine hainitaki."

Mimi nilikuwa nimekwenda kumwangalizia Mangi mashine nyingine iliyokuwa inajizima yenyewe, na kauli ya yule dogo ikanikaa kichwani siku nzima, kwa sababu alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua. Gemu ile humpima anayecheza, kisha huongeza au hupunguza makali ya wapinzani ili yamfae. Usiku uliopita walikuwa wameicheza vijana wa bodaboda, watu wazima wenye vidole vyepesi. Banda zima linatumia akaunti moja. Kwa hiyo machoni pa mashine, dogo na bodaboda ni mtu mmoja, na mtu huyo jana alikuwa moto. Mashine ilimwandalia mtoto mbio za mtu mwingine.

Siku hizi tunaambiwa akili mnemba inakuja kumpa kila mchezaji gemu yake, iliyokatwa kwa kipimo chake kama nguo ya fundi. Ni kweli kwa sehemu. Lakini ndani ya maneno hayo yamefungwa mambo kadhaa yasiyofanana. Mengine yana umri wa miaka arobaini na ushee, mengine bado yako maabara, na moja linahusu mfuko wako kuliko burudani yako. Ukiyachukua yote kwa pamoja utaogopa kisichotisha, na kile cha kuulizwa maswali utakipokea kwa mikono miwili.

Tuanze na la zamani. Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pac-Man, ule mduara wa njano unaokula vidonge huku ukikimbizwa na mizimu minne. Mbunifu wake, Toru Iwatani, hakutaka mizimu yote ikimbize kwa namna moja. Mwekundu hukufuata pale ulipo. Wa pinki hulenga hatua nne mbele ya kule unakoelekea, ndiyo maana unahisi anakuvizia kwenye kona. Wa rangi ya chungwa hukufuata mpaka akukaribie, halafu hugeuza na kukimbilia pembe yake kama mtu aliyekumbuka kaacha jiko linawaka. Ukiitazama utaapa kwamba inashauriana. Haishauriani. Kila mmoja una kanuni yake fupi, na haujifunzi kitu: ukicheza mara elfu moja, mzimu wa mara ya elfu ni yuleyule wa mara ya kwanza. Wapinzani wengi tunaopambana nao hadi leo ni wa ukoo huu, hata wakipambwa sura nzuri kiasi gani. Mtu akikuambia gemu "ina akili", muulize kwanza kama inajifunza au inafuata kanuni.

Kilichomkuta dogo wetu ni kitu cha pili, yaani gemu inayokupima huku unacheza. Hilo nalo si geni. Katika Resident Evil 4 ya mwaka 2005, ukifa mara kwa mara gemu hulegeza kamba bila kukuambia, na baadhi ya maadui uliowakuta mwanzo hutawakuta tena. Mwaka 2008 kampuni ya Valve ilikwenda mbali zaidi kwa Left 4 Dead, ambamo watu wanne wanakimbia mazombi. Humo ndani waliweka programu waliyoipa cheo cha mwongozaji, kama yule wa filamu. Kazi yake ni kukadiria presha ya kila mchezaji: umeumia kiasi gani, mazombi wamekusogelea kiasi gani. Presha ikifika kileleni, mwongozaji hutulia na kukuacha upumue, uokote dawa, uhesabu risasi. Ukishatulia, anakuletea kundi jingine. Ndiyo maana watu waliocheza ramani ileile mara ishirini hawakuchoka nayo. Ramani haikubadilika, kilichobadilika ni mdundo.

Mangi anaifanya kazi hiyohiyo bila kompyuta. Mezani kwake kuna kaunta buku lenye jalada jeusi lililokwisha kuliwa pembeni. Ndani yake kuna majina, idadi ya mechi, nani kalipa mia tano yake na nani anadaiwa. Lakini kandokando ya majina kuna alama nyingine: nyota, mshale wa kupanda, na kwa watoto wachache ameandika kwa kalamu nyekundu, "asipangwe na wakubwa". Sheria ya banda inajulikana: mshindi anabaki, aliyefungwa anapisha. Hata hivyo, Mangi akiona dogo kapigwa mabao manane, humhamishia televisheni ya tatu, kule wanakocheza wa rika lake, na humtafutia sababu ya kuhama ili asiaibike. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kiasi hicho.

"Akilia leo, kaka, kesho haji," akasema. "Halafu mama yake anauza ndizi pale nje. Atakuja kunigombeza."

Ninaomba msomaji alishike jibu hilo, kwa sababu ndani yake zimo sababu mbili. Ya kwanza ni biashara, mteja asipotee. Ya pili ni mama aliye hatua thelathini kutoka mlangoni. Mashine inaifahamu vizuri sana ile ya kwanza.

Hilo linaonekana wazi zaidi kwenye kupanga wapinzani mtandaoni. Msingi wake ni hesabu ya mchezo wa sataranji. Arpad Elo, Mmarekani mzaliwa wa Hungaria, alibuni njia ya kumpa kila mchezaji namba, na shirikisho la sataranji duniani likaikubali mwaka 1970. Ukimshinda mwenye namba kubwa, yako inaruka juu. Ukimshinda mdogo wako, inasogea kidogo tu. Tofauti ya 400 kati ya namba hizo ina maana mwenye namba kubwa anategemewa kupata kama pointi kumi za mechi kwa kila moja ya mdogo wake. Baadaye watafiti wa Microsoft walitengeneza mfumo wa TrueSkill kwa ajili ya Xbox, mashine yao ya gemu, na jambo zuri waliloongeza ni shaka. Mfumo huo unatunza namba mbili kwa kila mtu: uwezo wake, na kiasi ambacho mfumo wenyewe hauna uhakika na uwezo huo. Mgeni ana shaka kubwa, kwa hiyo mechi zake za mwanzo humrusha juu na chini, na kadiri anavyocheza ndivyo namba inavyotulia. Sasa fikiria akaunti ya banda, ambapo saa nane anacheza bingwa na saa nane na nusu mtoto wa darasa la tatu. Namba itakayotoka pale ni wastani wa mtaa mzima, haimfai hata mmoja wao.

Mpaka hapo lengo ni la haki: mkutane mnaolingana. Lakini mwaka 2017 watafiti, baadhi yao wakiwa wa kampuni ya gemu ya Electronic Arts, walichapisha utafiti uliouliza swali tofauti. Badala ya kutafuta mechi iliyo sawa, walitafuta mechi itakayomfanya mchezaji asiondoke. Waliona kwamba matokeo ya mechi chache zilizopita yanasaidia kutabiri nani ataacha kucheza, na aliyefungwa mara tatu mfululizo yuko karibu zaidi na mlango. Kutokana na hilo, mechi nzuri kwa kampuni si lazima iwe mechi ya wanaolingana. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya gemu, Activision, ilipewa hataza Marekani, yaani haki ya kumiliki ubunifu, ya mfumo ambao ungempanga mchezaji mchanga na mkali mwenye silaha ya kununuliwa, ili mchanga aitamani na yeye ainunue. Kampuni ilisema ni kazi ya utafiti na haikuingizwa kwenye gemu yoyote. Inawezekana kabisa. Lakini hataza inatuonyesha kwamba wazo lilikwisha kufikiriwa hadi mwisho, likachorwa na michoro.

Vijana wa bandani wana imani yao juu ya hili. Akifungwa bao la dakika ya tisini na mbili, kijana atakuambia mashine "imeshaamua". Wapo waliolifikisha jambo hilo mahakamani huko California mwaka 2020, wakidai kwamba gemu ya soka ya Electronic Arts huchezea ugumu kwa siri ili watu wanunue wachezaji zaidi wa ndani ya gemu. Kampuni ilikana, ikawaonyesha walalamikaji jinsi programu inavyofanya kazi, na mwaka 2021 kesi ikaondolewa. Kwa hiyo kwenye lile bao la dakika za mwisho nadhani vijana wetu wanaisingizia mashine, kosa lilikuwa la beki. Ninachokiona cha kweli katika malalamiko yao ni kingine: hawana namna ya kujua. Mangi akimpanga mtu vibaya, kaunta buku liko mezani na mdomo uko wazi kugomba naye.

Hapa sasa ndipo akili mnemba ya kweli inapoingia, ile inayojifunza. Mwaka 2022 Sony ilionyesha programu inayoitwa Sophy, iliyojifunza kuendesha gari katika Gran Turismo kwa kujaribu na kukosea maelfu kwa maelfu ya mizunguko, mpaka ikawashinda madereva bora wa gemu hiyo duniani. Ni kazi kubwa sana. Lakini nani anataka kushindwa na mashine kila siku? Nenda kijiwe chochote cha bodaboda pale stendi utawakuta wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na utamwona mzee mmoja akicheza na kijana anayejifunza. Mzee anaacha kete moja iliwe. Anajifanya hakuiona njia. Kijana anapata kingi, macho yanang'aa, na wiki ijayo anarudi akiwa amejiandaa. Kushindwa kwa namna hiyo, bila mtoto kugundua kwamba umemwachia, ni ufundi mgumu kuliko kushinda. Watengenezaji wanalifahamu hilo, na nionavyo mimi faida kubwa ya akili mnemba kwa mchezaji wa kawaida iko hapa: mpinzani anayejua kufundisha.

Sasa twende kwenye lile linalovutia watu zaidi, wahusika wanaozungumza. Hadi juzi, mhusika wa gemu alikuwa na sentensi alizoandikiwa. Ukimsalimia mara kumi anakujibu hivyohivyo mara kumi. Mwaka 2019 ilitoka AI Dungeon, hadithi ya maandishi ambamo unaandika chochote na modeli ya lugha, yaani programu iliyojifunza kutunga maneno kutokana na maandishi mengi, inaendeleza. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford na Google walijenga kijiji cha kompyuta chenye wakazi 25, kila mmoja akiendeshwa na modeli ya lugha na akiwa na kumbukumbu zake. Mmoja alipewa nia tu ya kuandaa sherehe. Akawaalika wenzake, nao wakaambizana, na siku ilipofika baadhi yao wakahudhuria. Hakuna aliyeiandika hadithi hiyo. Habari ilisambaa kama habari ya harusi inavyosambaa mtaani, mdomo kwa mdomo.

Nilitaka kuona jambo hilo kwa Kiswahili. Nikachukua programu moja ya mazungumzo nikaiambia iwe bibi anayeuza ndizi katika soko la Mbuyuni, na mimi niwe mtoto aliyetumwa. Nikaandika, "Shikamoo bibi." Ikajibu, "Shikamoo mjukuu wangu, karibu dukani kwangu." Nikacheka, halafu nikahuzunika kidogo. Bibi hampi mtoto shikamoo, anaitikia marahaba. Soko la Mbuyuni si duka. Nilipoomba ndizi mshare za kupika mtori, ambazo huwa mbichi, ikaniuliza kama ninataka zilizoiva. Sarufi ilikuwa safi, ngeli zote mahali pake, lakini mtu mwenyewe hakuwepo. Kosa hilo si la ajabu: modeli hujifunza kutokana na maandishi na sauti zilizokusanywa, na Kiswahili kilichokusanywa kwa wingi ni cha taarifa ya habari na cha tafsiri. Cha sokoni ni kidogo. Kazi ya kujaza pengo hilo ipo, kama ya jumuiya ya Masakhane inayoshughulikia lugha za Kiafrika, na ile ya Common Voice ya Mozilla ambako watu hujitolea kusoma sentensi kwa sauti zao. Gemu haiwezi kusema imemzoea mtoto wa Moshi kama haijui nani anaanza kumwamkia nani.

Na sauti zina wenyewe. Waigizaji wa sauti wa Marekani waligoma kuanzia Julai 2024, wakakaa karibu mwaka mzima, hoja kubwa ikiwa ni sauti zao kunakiliwa na mashine bila ridhaa wala malipo. Siku sauti ya Kichaga-Kiswahili ya bibi wa Mbuyuni itakapotakiwa, swali la malipo litamhusu na yeye.

Hatua ya mbali kabisa ni gemu isiyoandikwa. Agosti 2024 watafiti wa Google walionyesha mfumo wanaouita GameNGen. Walikuwa wameifundisha modeli kwa kuionyesha picha nyingi mno za Doom, gemu ya mwaka 1993, mpaka ikaweza kuichora yenyewe, picha 20 kila sekunde, ikibuni picha inayofuata kutokana na kitufe ulichobonyeza. Ndani yake hakuna ramani wala kuta. Ni kubahatisha kwa ustadi. Ubaya wake ni kusahau, maana mfumo ule hukumbuka kama sekunde tatu tu zilizopita. Oasis, iliyotolewa miezi miwili baadaye kwa mtindo wa gemu ya Minecraft, ilikuwa hivyohivyo: unatazama mlima, unageuka nyuma, ukirudisha uso mlima haupo. Kwa sisi tunaoamka kila siku tukitafuta kama Kibo umejitokeza mawinguni, tunajua kwamba mlima usioonekana bado uko palepale. Mashine bado inajifunza hilo. Genie 3 ya Google DeepMind, iliyoonyeshwa Agosti 2025, huushikilia ulimwengu wake kwa dakika chache. Ni hatua ndefu kwa mwaka mmoja, ila mechi moja ya bandani ni ndefu kuliko hapo.

Halafu kuna umbali. Mifumo hii haikai kwenye mashine ya Mangi, inakaa kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali. Tuseme ziko Frankfurt, Ujerumani: kutoka Moshi hadi huko ni zaidi ya kilomita 6,000 kwa mstari ulionyooka. Mwanga ndani ya nyaya za intaneti hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi tu ni zaidi ya sehemu 60 za elfu ya sekunde, kabla hujahesabu mizunguko ya nyaya na foleni za njiani. Picha 20 kwa sekunde maana yake kila picha ina sehemu 50 za elfu. Umebonyeza breki, na picha iliyofuata imeshachorwa bila habari yako. Ongeza bando linaloisha katikati ya mchezo na umeme unaokatika. Ndiyo maana naamini kwa mabanda yetu akili mnemba itakayofaa mapema ni ile ndogo, inayokaa ndani ya mashine yenyewe na kumpima mchezaji pale alipo.

Kupima ndiko kunakoniacha na wasiwasi. Ili ikuzoee, gemu lazima iandike: unakata tamaa dakika ya ngapi, unanunua ukiwa umeshinda au umeshindwa, unacheza usiku wa manane au la. Kwa mtu mzima hiyo ni tabia. Kwa mtoto ni ramani ya udhaifu wake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto zimewekwa humo katika kundi la taarifa nyeti. Mzazi anayo haki ya kuuliza kinachokusanywa. Na ningependa aulize pia swali la pili, ambalo naliona kubwa zaidi: mashine hii inapombadilishia mwanangu mchezo, inajaribu kuongeza nini? Furaha yake, ujuzi wake, saa zake, au matumizi yake? Kampuni ikishindwa kulijibu kwa sentensi moja, mimi ningezima ununuzi kwenye akaunti hiyo kabla sijampa mtoto pedi.

Kwa Mangi tulianza na hilo. Tukaweka neno la siri kwenye ununuzi. Kisha, kwa kuwa mashine inaruhusu watumiaji wengi, tukafungua wanne badala ya mmoja: Wadogo, Wa Kati, Wakubwa, Mabingwa. Kila mtumiaji ana historia yake, kwa hiyo mashine sasa inaona watu wanne pale ilipokuwa ikimwona mmoja. Yule dogo alikaa kwenye Wadogo, akamaliza wa tano, halafu wa tatu, halafu akatoka nje mbio kwenda kumwambia mama yake.

Jumamosi iliyofuata nilipopita nilimkuta amesimama mbele ya meza, mikono kiunoni, anadai apandishwe Wa Kati. Mangi alikuwa amefungua kaunta buku, anafuata jina lake kwa kidole, mstari kwa mstari, anahesabu.